Hambaka na Utafutaji wa Sauti Angavu: Historia ya Uzungushaji wa Waya katika Pikapu za Gitaa

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii yaweza kuwekwa mbele ya historia nzima ya gitaa la umeme, kwani tangu siku zake za mwanzo mafundi walitaka mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: sauti angavu, yenye ncha na uwazi, na ukimya wa chombo pale ambapo mpigaji hapigi. Aliyeipata sauti angavu alipata pamoja nayo mvumo wa umeme. Na aliyeufukuza mvumo aliona sauti imefifia, mfano wa taa iliyofunikwa kwa kitambaa. Makala haya yanaeleza jinsi mgogoro huo ulivyozaa pikapu iitwayo hambaka, na jinsi mafundi wa Marekani walivyohangaika kwa zaidi ya miaka 60 kuirudishia sauti yake mwanga, hasa kwa njia ya kuzungusha waya.

Pikapu, katika lugha ya mafundi wa gitaa, si gari la mizigo. Ni chombo kidogo kinachowekwa chini ya nyuzi za chuma za gitaa. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo, au nguzo za chuma zilizogusana nayo, pamezungushwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, ukafanya koili. Uzi wa gitaa unapotetemeka huitikisa nguvu ya sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme hafifu ndani ya koili. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, na huko hukuzwa ukawa sauti. Waya unaotumika kwa kawaida ni ule wa namba 42 katika vipimo vya Kimarekani, ambao unene wake ni milimita 0.063 tu, sawa na unywele wa mtu. Mkono ukiuvuta zaidi ya kiasi hukatika, na ukiulegeza huenda ovyo.

Pikapu za mwanzo zilikuwa na koili moja. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Los Angeles, walianza kuuza gitaa la umeme mwaka 1932, na Beauchamp alipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1937. Kampuni ya Gibson ya mji wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, ilitoa gitaa lake la ES-150 mwaka 1936. Na Charlie Christian, aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, akawaonyesha watu kwamba gitaa laweza kusimama mbele ya tarumbeta na kusikika. Baada ya vita, mwaka 1946, Gibson ikaanza kutumia pikapu ya P-90. Huko California naye Leo Fender alitoa gitaa lake la mbao nzima mwaka 1950, kisha Stratocaster mwaka 1954. Pikapu zote hizo zilisifiwa kwa uwazi wa sauti, na zote zilikuwa na kasoro moja.

Kasoro yenyewe ni kwamba koili ya waya haichagui inachokisikia. Nyaya za umeme zilizo ukutani, transfoma, taa na mitambo ya jukwaani hutoa nguvu ya sumaku inayogeuka mara 60 kwa sekunde kule Marekani, na mara 50 kwa sekunde katika Afrika ya Mashariki. Koili hudaka mageuko hayo kama inavyodaka mtetemo wa uzi, na amplifaya hutoa mvumo usiokoma. Amplifaya zilipozidi kuwa na nguvu, mvumo nao ulizidi.

Dawa ya maradhi hayo ilijulikana kwa sehemu kabla ya kuletwa kwenye gitaa. Mwaka 1935 Armand Knoblaugh, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya piano ya Baldwin, aliomba hataza ya chombo chenye koili mbili za kuondoa mvumo, na akapewa mwaka 1938. Lakini chombo hicho kilikusudiwa piano. Aliyeileta dawa hiyo kwenye magitaa ya Gibson ni Seth Lover, mzaliwa wa Kalamazoo mwaka 1910, fundi wa redio na amplifaya ambaye alikuwa pia amelitumikia jeshi la majini la nchi yake. Alirudi Gibson mwaka 1952, wakati Ted McCarty alipokuwa mkuu wa kampuni. Katika amplifaya Lover alikwisha kuona kwamba mvumo wa transfoma waweza kuzimwa kwa koili iliyozungushwa ili kuupinga. Akajiuliza: ikiwa jambo hili lawezekana katika amplifaya, kwa nini lisiwezekane katika pikapu?

Jibu lake lilikuwa rahisi kulieleza, ingawa halikuwa rahisi kulitengeneza. Koili mbili ziliwekwa bavu kwa bavu, na chini yake ikalazwa sumaku moja, ncha yake ya kaskazini ikielekea nguzo za koili moja na ya kusini nguzo za koili ya pili. Kisha koili ziliunganishwa kwa namna ya kupingana. Mvumo, ambao haujali sumaku ya pikapu, huingia katika koili zote mbili kwa hali moja; na kwa kuwa koili zapingana, mvumo wa moja hufuta mvumo wa nyingine. Lakini mtetemo wa uzi umegeuzwa mara mbili: mara ya kwanza na ncha za sumaku, na mara ya pili na muungano wa koili. Jambo likigeuzwa mara mbili hurudi lilipokuwa, na kwa hiyo sauti za koili mbili hujumlika badala ya kufutana. Jina la hambaka latokana na kazi hiyo: ni kitu kinachoupinga mvumo.

Lover aliomba hataza tarehe 22 Juni 1955. Pikapu hiyo ilitangulia kuwekwa katika magitaa ya kulaza mwaka 1956, na mwaka 1957 ikaingia katika Les Paul na ES-175. Wakati huo huo Ray Butts, fundi wa Cairo, Illinois, aliyekuwa amemtengenezea mpiga gitaa Chet Atkins amplifaya, alikuwa akishughulika na jambo lile lile kwa ajili ya kampuni ya Gretsch. Butts aliomba hataza tarehe 22 Januari 1957, baada ya Lover kwa mwaka mmoja na nusu. Lakini alipewa tarehe 30 Juni 1959, na Lover tarehe 28 Julai mwaka ule ule. Hivyo aliyetangulia kuomba ndiye aliyechelewa kupewa. Watu hubishana hata leo juu ya nani mvumbuzi wa kwanza. Lakini tarehe hizo zaonyesha kwamba wawili walifika mahali pamoja kwa njia mbili, kama itokeavyo mara nyingi pale haja inapokuwa ya wengi.

Mvumo ulikwisha, lakini gharama yake ilionekana mara moja: sauti ya hambaka ilikuwa nene na ya mviringo kuliko ile ya koili moja. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni wingi wa waya. Koili mbili za mizunguko karibu 5,000 kila moja zikiungwa kwa kufuatana, umeme wa sauti za juu hupita kwa taabu. Tabia hiyo ya koili, ambayo wanasayansi huiita induktansi, haiongezeki sawasawa na idadi ya mizunguko bali kwa mraba wake: mizunguko ikizidishwa mara mbili, induktansi huzidi mara nne. Induktansi ya pikapu ikishirikiana na kebo hufanya kilele, yaani mahali ambapo sauti husikika kwa nguvu kuliko pengine pote, na juu ya hapo sauti huanguka ghafula. Kilele kikiwa juu, sauti ni angavu. Kikishuka, sauti hutiwa kivuli.

Sababu ya pili ni kwamba hambaka huusikiliza uzi mahali pawili. Baina ya mistari miwili ya nguzo pana milimita kama 18. Mtetemo mrefu wa uzi huzifikia koili zote mbili kwa hali moja. Lakini mitetemo midogo sana, ile inayoipa sauti ncha yake, yaweza kuwa inapanda juu ya koili moja huku ikishuka juu ya nyingine, nayo hufutana kama ulivyofutwa mvumo. Katika uzi mnene wa chini wa gitaa la Gibson ukipigwa wazi, ufutano huo huangukia karibu na mitetemo 2,900 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu ni kali sana. Katika uzi mwembamba huangukia mbali juu, na hasara yake haisikiki.

Lover hakuwa mjinga wa mambo hayo. Ushahidi umo katika kifuniko cha pikapu yake. Alihitaji kifuniko cha metali kuzuia kelele za umeme, na alijua kwamba metali inayopitisha umeme kwa urahisi, kama shaba ya njano, hunyonya sauti za juu. Katika mfano wa kwanza alitumia chuma kisichoshika kutu, lakini kilikuwa kigumu kulehemu kwa risasi. Basi akachagua mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao hupitisha umeme kwa shida na hivyo huziachia sauti za juu zipite. Zile parafujo sita za upande mmoja, ambazo wengi hudhani ni siri ya sauti, hakuzikusudia yeye hapo kwanza: ziliwekwa kwa sababu wauzaji walitaka kitu cha kumwonyesha na kumwelezea mnunuzi.

Hapa ndipo historia inapotoka mikononi mwa mvumbuzi na kuingia katika chumba cha kuzungushia waya. Mashine za Kalamazoo katika miaka ya 1950 zilizungusha bobini kwa haraka, lakini hesabu ya mizunguko ilitegemea sana jicho la mfanyakazi. Bobini ilipoonekana kujaa, mashine ilisimamishwa. Matokeo yake ni kwamba koili hazikulingana. Pikapu moja ilipimwa ukinzani wa omu 7,000 na kitu, na jirani yake ikafika omu 9,000. Hata koili mbili za pikapu moja zilipishana kwa mizunguko mamia. Sumaku za aliniko nazo zilichanganywa daraja kwa daraja, kadiri zilivyopatikana ghalani.

Kwa fundi anayependa usawa huo ulikuwa uzembe. Lakini yafaa kutazama kilichotokea. Pikapu ambayo mfanyakazi aliisimamisha mapema ilikuwa na mizunguko michache, na hesabu yake ni nyepesi: koili ikipunguzwa kutoka mizunguko 5,000 hadi 4,500, induktansi hushuka hadi asilimia 81 ya ile ya kwanza, na kilele cha sauti hupanda kwa asilimia 11 hivi, ikiwa kebo ni ile ile. Mpigaji hupoteza nguvu kidogo na kupata mwanga. Vivyo hivyo, koili moja ikiwa na mizunguko 5,100 na ya pili 4,900, kule kufutana kwa mitetemo midogo hakutimii, na sehemu ya ncha iliyokuwa ikipotea hubaki. Mvumo nao haufutiki wote, ila kinachobaki ni mabaki ya mizunguko 200 tu, ambayo sikio huyasamehe. Basi kosa la mkono lilifanya suluhu kati ya maadui wawili, suluhu ambayo mvumbuzi hakuiandika katika hataza yake.

Wakati huo Gretsch ilikuwa imeifikia sauti angavu kwa kukusudia. Pikapu ya Butts, iliyoitwa Filter'Tron, ina bobini nyembamba, parafujo katika koili zote mbili, na waya mchache zaidi; ukinzani wake ni kama omu 4,000, takriban nusu ya ule wa Gibson. Atkins alitaka kila uzi usikike peke yake pale vidole vyake vilipopiga nyuzi za chini na za juu kwa pamoja, na waya mwingi ungalizichanganya. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyosikika kwa ulimwengu kuanzia mwaka 1963, George Harrison wa Beatles alipolishika gitaa la Gretsch Country Gentleman. Gibson nayo mwaka 1963 ilitoa gitaa la Firebird, ambalo hambaka zake ni ndogo na kila koili ina sumaku yake ndani, badala ya sumaku moja chini ya zote mbili. Koili nyembamba husikiliza sehemu fupi ya uzi, na sauti yake hukata zaidi.

Kuanzia karibu mwaka 1961 sumaku za hambaka za Gibson zilifupishwa na kufanywa za aina moja, na kadiri miaka ya 1960 ilivyoendelea mashine nazo zikaleta usawa wa mizunguko. Kile kibandiko cheusi chenye maneno ya kusema kwamba hataza imeombwa kiliondolewa, kikaja kingine chenye namba ya hataza. Lakini namba iliyochapishwa, 2,737,842, haikuwa ya Lover bali ya kifaa cha kushikia nyuzi cha Les Paul. Namba ya Lover ilikuwa 2,896,491. Wengine husema ni kosa la mchapaji, na wengine husema ni hila ya kuwapoteza waigaji.

Mwaka 1966 Eric Clapton alirekodi na John Mayall huko Uingereza kwa gitaa la Les Paul, na vijana wa Uingereza na Marekani wakaanza kuyatafuta magitaa yale ambayo Gibson ilikuwa imeacha kuyatengeneza kwa umbo lile. Wapigaji waling'oa vifuniko vya pikapu wakitumaini kupata mwanga kidogo zaidi. Ndipo walipoona kwamba baadhi ya bobini zilizofichwa zilikuwa nyeupe, kwa kuwa rangi nyeusi ilikosekana kiwandani kwa muda mnamo mwaka 1959 na 1960. Rangi haiongezi wala haipunguzi sauti. Hata hivyo, bei ya pikapu yenye bobini mbili nyeupe ilipanda kupita zile nyeusi. Ndivyo soko linavyoweza kununua kwa macho kitu kilichotengenezwa kwa masikio.

Lover mwenyewe aliondoka Gibson mwaka 1967 akaenda Fender, nyumba ya sauti angavu. Huko alitakiwa kuunda hambaka isiyovuma, lakini isiyopoteza ule ukali ambao jina la Fender lilisifiwa kwao. Jibu lake lilitoka mwaka 1972 kwa jina la Wide Range. Safari hii sumaku haikulazwa chini. Parafujo zenyewe ndizo zilizokuwa sumaku, zimesimama ndani ya koili na kuukaribia uzi. Aliniko haikufaa kwa kazi hiyo, kwani ni ngumu na huvunjika ikikatwa hesi. Alitumia mchanganyiko wa shaba, nikeli na chuma, ambao hukatika vizuri. Vidhibiti vya sauti navyo vilikuwa vya omu milioni 1, ilhali Gibson ilitumia vya omu 500,000, na kadiri ukinzani wa kidhibiti unavyozidi, ndivyo sauti za juu zinavyopungua kuvuja. Kwa hiyo pikapu ile ilikuwa na waya mwingi kuliko ile ya Kalamazoo, na bado ikawa angavu. Mchanganyiko ule ulikuja kuwa adimu na pikapu ikaachwa, hadi Fender ilipoirudisha mwaka 2020.

Katika miaka ya 1970 kazi ya kuzungusha waya ilitoka nje ya viwanda vikubwa. Larry DiMarzio alitoa Super Distortion mwaka 1972, yenye nguvu nyingi. Na Seymour Duncan akafungua kampuni yake California mwaka 1976. Mafundi wadogo walijifunza pia kutoa ncha nne za waya katika hambaka badala ya mbili, ili mpigaji achague. Akizima koili moja, mwanga hurudi na mvumo hurudi nao. Akiziunganisha koili mbili sambamba badala ya kuzifuatanisha, induktansi hushuka hadi robo, sauti hung'aa, na mvumo hubaki umezimwa. Anachopoteza ni nguvu. Hakuna njia isiyo na gharama, lakini gharama zenyewe hazilingani, na ustadi wa fundi ni kujua ipi inayoweza kulipwa.

Gibson ilikifunga kiwanda cha Kalamazoo mwaka 1984. Kufikia hapo pikapu za miaka ya 1957 hadi 1962 zilikuwa zikipimwa kama vitu vya kale: mizunguko yake ilihesabiwa, sumaku zake zikachunguzwa, na mafundi wakaanza kuiga kwa makusudi yale yaliyotokea kwa bahati. Mwaka 1994 Lover, aliyekuwa mzee wa miaka 84, alishirikiana na Duncan kuitengeneza tena pikapu ya mwaka 1955. Alifariki tarehe 31 Januari 1997. Mwanzoni mwa karne ya 21 Gibson yenyewe ilikuwa ikiuza pikapu ambazo koili zake zimezungushwa kwa idadi zisizolingana, na kutolingana huko kukatajwa katika matangazo kuwa ni sifa.

Jambo moja lastahili kukumbukwa kabla ya kufunga. Huko Fender, Abigail Ybarra, aliyeanza kazi mwaka 1956, alizungusha pikapu kwa miongo mingi na kuzitia alama ya jina lake, hata wapigaji wakazitafuta kwa jina hilo. Kibandiko cha Kalamazoo kilitaja hataza, hakikutaja mkono. Hataza yaeleza jinsi mvumo unavyozimwa, na sifa ya hilo ni haki ya Lover. Lakini haielezi kwa nini pikapu mbili za sanduku moja zilitoa sauti mbili, moja nene na moja yenye mwanga. Hilo liliamuliwa na mfanyakazi aliyeketi mbele ya mashine, akautazama waya mwembamba kama unywele ukijaa, na akajua, au akadhani, kwamba sasa yatosha.

Kwa wapenzi wa muziki wa dansi wa Afrika ya Mashariki na rumba ya Kongo, ambamo gitaa la juu hutakiwa kupenya katikati ya ngoma na tarumbeta bila kukwaruza, habari hii si ngeni wala ya mbali. Sauti angavu haipatikani kwa kuongeza, bali kwa kujua mahali pa kuacha. Methali yasema mshika mbili moja humponyoka. Historia ya hambaka haiikanushi, ila yaongeza neno: anayekubali kuilegeza kidogo kila moja aweza kuondoka nazo zote mbili.